Mir Ali Bey Mombasa, 1589: Je, ni Wazimba waliomshinda?

Kila anayesimulia kisa cha Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuja kuwatoa Wareno pwani yetu, humalizia pale pale. Ni Machi 1589, Mturuki amejichimbia kisiwani Mombasa, Wareno wamemjia kwa bahari, Wazimba, wapiganaji wa bara wanaosimuliwa kwamba walikula watu, wamemjia kwa bara, naye hana pa kutokea. Mwisho anakimbilia majini na kujisalimisha kwa Wareno, akiona heri minyororo ya Nasara kuliko kuliwa nyama. Kisa kina utamu wake, na utamu huo umetuzoesha kusema kwa wepesi kwamba lau si Wazimba, pwani yetu ingeondokana na Mreno zaidi ya miaka mia moja kabla ya Waomani kumtoa.

Nadhani tumewapa Wazimba sifa isiyo yao. Merikebu za Mir Ali zilipotea kwa sababu ya upepo wa kaskazi na habari iliyotangulia kufika Goa, makao makuu ya Wareno huko India. Wazimba walifunga mlango wa nyuma. Hata hivyo, mlango wa nyuma si jambo dogo kwa watu wa kisiwani, na wanaoshikilia hoja ya Wazimba wana ushahidi usiopuuzika. Basi tupime.

Waturuki wa Dola la Uthmaniya waliitwaa Misri mwaka 1517, na pamoja na Misri wakarithi bandari ya Suezi na ugomvi wa Wamamluki, watawala waliowatangulia huko, dhidi ya Wareno. Ugomvi huo ulikuwa ghali tangu siku ya kwanza. Suezi haina misitu. Mbao ziliagizwa kutoka Anatolia, zikashushwa Misri, zikabebwa jangwani na ngamia, ndipo merikebu iundwe. Kila chombo kilichoshushwa Bahari ya Shamu kilikuwa na gharama ambayo wakuu wa Istanbul hawakuweza kuisahau. Hadım Süleyman Pasha alikwenda na kundi kubwa la merikebu hadi Diu, India, mwaka 1538, akaizingira ngome ya Wareno, akarudi bila kuipata, ingawa njiani aliichukua Aden. Piri Reis, yule mchora ramani mashuhuri, aliishambulia Hormuz mwaka 1552, ngome ikamshinda, akaziacha merikebu zake nyingi Basra na kurudi Misri. Serikali yake ikamkata kichwa. Seydi Ali Reis alipotumwa mwaka 1554 kuzirudisha Suezi merikebu zilizobaki, Wareno walimvunja karibu na Oman, dhoruba ikamalizia kazi, naye akaibukia Gujarat na kurejea kwao kwa nchi kavu.

Wareno nao walikuwa na lao. Mwaka 1541 gavana wao wa India, Estêvão da Gama, mtoto wa Vasco yule ambaye nguzo yake ingali Malindi, aliingia Bahari ya Shamu kwa nia ya kuzichoma merikebu za Waturuki huko huko Suezi. Akafika. Akakuta walinzi wako macho wanamsubiri, akageuza mikono mitupu. Nalitaja hili kwa sababu karibu miaka 50 baadaye Mir Ali aliingia katika shimo lile lile: alivamia watu waliokwisha kuambiwa kwamba anakuja.

Lakini mara ya kwanza hawakuwa wameambiwa. Mir Ali alikuwa nahodha wa Yemen, chini ya Hasan Pasha, aliyeshika ugavana wa jimbo hilo tangu 1580. Mwaka 1581 merikebu za Kituruki kutoka pande hizo ziliivamia na kuipora Maskati, iliyokuwa mikononi mwa Wareno, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba aliyeongoza ni huyu huyu. Mwishoni mwa 1585 akaelekea kusini, kwetu. Alitoka na vyombo viwili, kimoja kikashindwa na safari, akafika Mogadishu na kimoja. Chombo kimoja tu! Akawaambia wenyeji kwamba yeye ni mtangulizi, kundi kubwa la Sultani li nyuma linakuja. Mogadishu ikakubali, Barawa ikafuata, kisha Pate, Faza, Lamu, mpaka Mombasa. Lamu alimkamata Roque de Brito Falcão, kapteni wa Kireno aliyekuwa anamaliza zamu yake ya kusimamia pwani. Malindi peke yake ilibaki na Mreno. Mir Ali akarudi Bahari ya Shamu mwaka 1586 na ngawira, mateka, vyombo alivyowanyang'anya Wareno, na neno la miji ya Waswahili kwamba akirudi na jeshi atapokewa, Mombasa ikiwa tayari kumpa mahali pa kujenga ngome.

Sasa tuangalie pepo, maana ndizo zilizoamua. Kaskazi hushika Novemba au Desemba na kudumu mpaka Machi. Huleta vyombo kutoka Arabuni na huleta vyombo kutoka India. Kusi, kuanzia Aprili, huvirudisha vyote. Mir Ali alishuka na kaskazi, akafanya yake, akaondoka kusi ilipofungua njia. Habari za uvamizi zilipelekwa Goa kwa kusi hiyo hiyo, na Goa haikuweza kujibu mpaka kaskazi nyingine. Pwani ikapata miezi kadhaa ya kujiona huru. Ushujaa wa Mir Ali mwaka 1586 ulikuwepo, siukatai, ila nusu ya ushindi ule ilitokana na ukweli kwamba adui yake alikuwa ng'ambo ya bahari ambayo kwa miezi ile haikuvukika kuja huku.

Kaskazi nyingine ilipofika, ikaja na Martim Afonso de Melo, merikebu 18 na askari wapatao 650. Januari 1587 walishuka Faza. Wakaua watu, wakaua wanyama, wakakata minazi, mfalme wa Faza akauawa. Mombasa watu wake waliuona moto unakuja, wakakimbia. Mji ukaporwa na kuchomwa. Kumbuka kwamba walikuwa na pa kukimbilia. Tutalirudia hilo.

Hapa pana ubishi wa kwanza ambao wachambuzi hawajaumaliza: Mir Ali alikuwa nani hasa? Wareno walimwita haramia, na ushahidi wa uharamia upo. Alipora. Alirudi na mali. Hakuacha askari wa kulinda miji iliyomtii, na Faza ikalipa deni la utii huo kwa damu. Mwenye nia ya kutawala huacha bendera na watu wa kuilinda. Kwa upande mwingine, mwanahistoria Giancarlo Casale ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba Waturuki wa karne ile walikuwa na siasa pana ya Bahari ya Hindi, na kwamba safari za Mir Ali ni kipande cha siasa hiyo: kushika pwani ya Afrika Mashariki, kuwabana Wareno kutoka ubavuni, na kuulinda mlango wa kwenda Makka. Ndani ya macho hayo, mtu anayekusanya utii mji kwa mji na kuchagua mahali pa kujenga ngome ni mjumbe wa dola, si mwizi wa baharini.

Mimi naona pande zote mbili zinauliza swali moja kwa ukubwa usio wake. Mir Ali alikuwa mtu wa Hasan Pasha, na Hasan Pasha alikuwa na hamu kuliko uwezo. Yemen ingeweza kuandaa merikebu chache. Merikebu nyingi zilihitaji Misri, na Misri ilihitaji Istanbul, na Istanbul tangu 1578 ilikuwa vitani na Uajemi, vita vilivyokula fedha na watu mpaka 1590. Nia ya dola huenda ilikuwepo kwenye barua za gavana. Kwenye hazina haikuwepo. Na Waswahili waliokuwa wakitazama bahari kutoka Lamu na Mombasa hawakuwa na njia ya kuziona hesabu za hazina ya Istanbul. Walichokiona ni chombo kimoja chenye bendera ya Sultani na nahodha anayesema wengine wako njiani.

Safari ya pili ikaanza mwishoni mwa 1588. Safari hii Mir Ali alikuja na vyombo vitano na watu wapatao 300. Miji ikampokea tena, hata ile iliyokwisha kuchapwa, jambo linaloonyesha jinsi Mreno alivyochukiwa. Alijaribu kuishtukiza Malindi usiku, akakuta mizinga ikimngoja. Aliyekuwa Malindi ni kapteni Mateus Mendes de Vasconcelos, ambaye tangu uvamizi wa kwanza alikuwa ameweka masikio mpaka kwenye bandari za Bahari ya Shamu. Maandalizi ya Mir Ali yalimfikia kabla Mir Ali mwenyewe hajafika, na neno likapelekwa Goa.

Mir Ali akaiacha Malindi, akashuka Mombasa, akajenga ngome karibu na mdomo wa bandari na kuipanga mizinga yake. Kama mpango ulikuwa kutawala, hili lilikuwa jambo sahihi kabisa. Mombasa ni kisiwa chenye bandari nzuri kuliko zote za upande huu, na anayeishika huona kila kinachopita kati ya Lamu na Kilwa. Kama mpango ulikuwa kuvamia na kuondoka, lilikuwa kosa la kumaliza maisha. Merikebu za makasia, tena chache, zina kinga moja tu dhidi ya kundi kubwa la manowari: kutokuonekana zilipo. Akishatia nanga na kujenga, mvamizi anageuka mtu mwenye anwani. Wala hakuweza kubadili shauri na kurudi Yemen wakati huo, maana kaskazi bado ilikuwa inavuma. Njia ya kaskazini ingefunguka Aprili.

Goa haikungoja Aprili. Gavana Manuel de Sousa Coutinho alimpa ndugu yake Tomé vyombo karibu 20 na watu wapatao 900, wakang'oa nanga mwishoni mwa Januari 1589. Upepo uliomfunga Mir Ali Mombasa ndio huo huo uliowaleta hao juu yake. Tarehe 5 Machi walikuwa mbele ya kisiwa. Linganisha na mara ya kwanza: mwaka 1586 habari ilifika Goa baada ya uvamizi, jibu likaja msimu uliofuata na kumkuta mvamizi hayupo. Mwaka 1589 habari ilitangulia, jibu likaja ndani ya msimu ule ule. Nikiulizwa ni nini kilichobadilika kati ya ushindi na msiba, nitataja hilo kabla ya kutaja Wazimba.

Lakini walipofika, Wazimba walikuwa wameshafika. Jeshi lao lilikuwa limepiga kambi bara, upande wa pili wa kivuko cha Makupa, mahali ambapo maji yakipwa mtu huvuka kwa miguu. Kuwazuia, Mir Ali alilazimika kupeleka merikebu mbili kule Makupa, akabaki na nyingine mbele ya mji pamoja na ngome yake. Kundi dogo likagawanyika mara mbili.

Wareno waliinyamazisha ngome, wakaziteka merikebu za bandarini, kisha wakazunguka na kuziteka zile za kivukoni. Baada ya siku mbili wakashuka, wakaukuta mji umeachwa, wakauchoma. Watu wa Mombasa na Waturuki waliosalia walikuwa wamejificha ndani ya kisiwa. Zikapita siku kadhaa hivyo. Tarehe 15 Machi Wazimba, ambao hapakuwa tena na merikebu za kuwazuia Makupa, walivuka kwa ridhaa ya Wareno. Waliokuwa vichakani walikurupuka kuelekea ufukweni, wengine wakazama, wengine wakauawa kabla ya kufika maji. Mir Ali alitokea akiwa katika mbio hizo, akatolewa majini na mashua za Wareno pamoja na Waturuki wapatao 30 na watu wengine kama 200. Mwandishi wa Kireno Diogo do Couto anaeleza kwamba alipoletwa mbele ya Tomé alisema halilii fungu lake, kwani vita ndivyo vilivyo, na kwamba ameona afadhali kuwa mateka wa Wakristo, kama alivyowahi kuwa zamani Uhispania, kuliko kuwa chakula cha Wazimba. Akapelekwa Goa, kisha Lisbon, na huko inasemekana alibatizwa.

Haya, sasa hoja ya Wazimba kwa nguvu zake zote. Ukiwaondoa Wazimba, Mir Ali ana vyombo vyote mdomoni mwa bandari, chini ya mizinga ya ngome. Hata akishindwa baharini, ana bara nyuma yake. Mwaka 1587 watu wa Mombasa walikimbia, mji ukaungua, na Wareno walipoondoka watu wakarudi wakajenga. Wareno hawakuwa na idadi ya kukaa wala ya kuwafuata watu bara. Mturuki mwenye watu 300 na wenyeji walio upande wake angeweza kupotelea huko, akangoja Tomé aondoke, akabaki na nchi ingawa amepoteza vyombo. Angekuwa mwiba. Huenda Hasan Pasha angempelekea wengine. Kwa hiyo anayesema Wazimba waliua mradi mzima ana maana: Wareno waliteka merikebu, ila mradi ulikuwa watu, na watu walimalizwa kutoka bara.

Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Nisichokubali ni hatua yake ya mwisho, ile inayodai kwamba bila Wazimba Mturuki angeshinda. Vyombo vitano dhidi ya 20, vimefungwa bandarini, havina msaada unaokuja: hata kama vyote vitano vingekuwa pamoja, sioni jinsi vingeokoka. Na nahodha asiye na chombo pwani ya Afrika, miezi ya safari kutoka kwa gavana asiye na merikebu za kumpelekea, ni mgeni aliyekwama. Wazimba waliamua ukubwa wa msiba. Msiba wenyewe ulikuwa umeshang'oa nanga Goa.

Tena tuwe na tahadhari na hao Wazimba wenyewe. Karibu yote tunayoyajua yametoka kwenye kalamu za Wareno. João dos Santos, mtawa wa Kidominikani aliyekaa Sofala na nchi za Zambezi miaka hiyo, anatoa hadithi ya jeshi moja lililoondoka Zambezi, likaiangamiza Kilwa, likapanda mpaka Mombasa na Malindi, likila watu kila lilipopita, wapiganaji kwa maelfu kumi na zaidi. Kwamba kulikuwa na wapiganaji kutoka bara na kwamba waliua watu wengi Mombasa, sina shaka. Kwamba ni jeshi lile lile moja lililotembea kutoka Sena, kwenye mto Zambezi, hadi Malindi, wanahistoria kadhaa wamelitilia shaka, na mimi niko nao. Vita, njaa na kuhama kwa makabila ya bara vingeweza kuleta vikundi mbalimbali, ambavyo mwandishi wa Kireno angeviunganisha chini ya jina moja la kutisha. Na jina la kutisha lilikuwa na kazi: linamfanya Tomé, aliyewaruhusu Wazimba wavuke, aonekane mtazamaji wa unyama wa watu wengine. Ruhusa ile haimo sana katika masimulizi ya Mombasa ninayoyasikia. Ingefaa iwemo.

Ubishi wa pili unatuhusu zaidi: miji ya Waswahili ilikosea kumpokea Mturuki? Wanaosema ilikosea wana orodha ndefu. Baada ya Mombasa, Tomé alipanda kaskazini kuadhibu. Mfalme wa Lamu, aliyelaumiwa kwa kutekwa kwa Roque de Brito, alikatwa kichwa hadharani Pate pamoja na wakubwa wengine. Manda ilibomolewa na minazi yake kukatwa. Kufikia wakati huo Faza ilikuwa imeshachomwa, Mombasa imechomwa mara mbili katika miaka miwili. Yote hayo kwa ajili ya nahodha aliyeahidi kundi la merikebu ambalo halikuonekana. Malindi, iliyokataa, haikupoteza kitu. Wazimba walipoigeukia, Wasegeju, kabila la pande hizo, waliwashambulia na kuwavunja. Kisha Wasegeju hao hao wakaichukua Mombasa na kumkabidhi mfalme wa Malindi. Ukitazama miaka mitano tu, Malindi ilichagua vizuri na wengine wote walichagua vibaya.

Lakini Malindi haikukaa na Mreno kwa sababu ilimpenda. Ilikaa naye kwa sababu ya uadui wake na Mombasa, uadui uliokuwepo kabla Vasco da Gama hajaonekana. Na Mombasa ilikuwa na kumbukumbu yake: ilichomwa mwaka 1505, ikachomwa tena 1528, kabla ya Mturuki yeyote kuingia katika habari. Mji uliokwisha kuunguzwa bila kosa la kumpokea Mturuki hauwezi kulaumiwa sana kwa kufikiri kwamba kumpokea hakutaongeza hatari. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyowaza, na walikuwa wagonjwa kweli. Kosa lao, kama tulitafute, lilikuwa la wakati. Walijitokeza waziwazi mwaka 1586, kabla hajashuka askari hata mmoja wa kukaa, kwa neno la mtu mwenye chombo kimoja. Pate na Lamu zilikuwa na wafanyabiashara waliokwenda Arabuni kila mwaka. Zingeweza kutuma watu kuhesabu merikebu za Yemen kama Mendes alivyotuma wake. Mreno alipeleleza. Waswahili waliamini.

Na faida ya Malindi, je? Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati wa Milan, na Mendes de Vasconcelos akawa kapteni wake wa kwanza. Mfalme Ahmad wa Malindi akahamia Mombasa kama mtawala. Tuzo kubwa. Mwanawe Hasan akagombana na makapteni, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa kwa shauri la Wareno. Mjukuu, Yusuf bin Hasan, alichukuliwa mtoto, akalelewa Goa, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kuwa mfalme. Agosti 1631 akaingia ngomeni na kumuua kapteni, na Wareno wa Mombasa wakauawa karibu wote. Ukitazama miaka 40, basi, hata aliyechagua upande wa mshindi hakupona. Ndiyo maana sioni busara ya kuigawa miji ya wakati ule kuwa yenye akili na isiyo na akili. Kila mmoja ulichagua adui wa karibu.

Waturuki hawakurudi. Wapo wanaosoma hapo uamuzi: Istanbul ilipima, ikaona Bahari ya Hindi haina faida, ikageuza macho. Wengine wanasoma kutoweza, na tarehe zinawaunga mkono. Wiki chache baada ya Mir Ali kukamatwa, mwanzoni mwa Aprili 1589, askari wa jeshi la kudumu waliasi Istanbul kwa sababu walilipwa fedha iliyopunguzwa thamani, na Sultani Murad wa 3 akalazimika kuwapa vichwa vya wakuu wake waliolaumiwa. Dola isiyoweza kuwalipa askari walio mlangoni haitaunda merikebu za Mombasa kwa mbao za kubebwa na ngamia. Wareno kwa upande wao, ambao tangu 1580 walikuwa chini ya mfalme wa Uhispania na waliopoteza pamoja naye merikebu nyingi katika kuishambulia Uingereza mwaka 1588, bado walipata 20 za kupeleka Mombasa. Goa ilikuwa na karakana yake, mbao zake na hazina yake upande huu wa bahari. Tofauti ya madola mawili yaliyofanana kwa matatizo ilikuwa hapo.

Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba ngome ya Mombasa ilijengwa kweli, katika kisiwa kile kile ambacho Mturuki alikiona kinafaa ngome, isipokuwa aliyeijenga ni Mreno. Kabla ya 1586 Wareno hawakuona haja ya kuweka jiwe kubwa Mombasa; waliridhika na kapteni mmoja Malindi na merikebu zinazopita. Mir Ali aliwaonyesha kwamba chombo kimoja kinaweza kuwanyang'anya pwani nzima kwa msimu mmoja. Uvamizi ulioshindwa ukazaa ukoloni mzito kuliko ule uliokuja kuuondoa.

Waliofanikiwa baadaye walifanya lile ambalo Mir Ali hakuweza kulifanya. Waomani walifika mbele ya Ngome ya Yesu Machi 1696, kaskazi ikiishia, wakakaa. Kusi ikaja, kaskazi ikarudi, msaada kutoka Goa ukafika ngomeni zaidi ya mara moja, na bado hawakuondoka. Ndani ya ngome maradhi yaliwaua Wareno mpaka ikafika wakati ulinzi ukaongozwa na Bwana Daud wa Faza, mtoto wa mji ule ule ambao Wareno waliufuta mwaka 1587. Sijawahi kuona mtu anayesema miungano ya pwani ile ilikuwa ya dini tu akaeleza jambo hilo vizuri. Desemba 1698 ngome ikaanguka. Ilichukua misimu ya pepo mitano na jeshi lililokuwa na kwao Maskati, mwendo wa kaskazi moja tu. Mir Ali alikuwa na msimu mmoja, vyombo vitano, na gavana wa Yemen aliyekuwa anaandika barua.